Hadithi ya wiki tatu ndani ya saa nne

SWALI: Tumepata ukumbi wa shule hapa Tudor, Mombasa, kwa Jumamosi na Jumapili, saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, kwa tamasha la michezo ya mezani. Tunatarajia watu kama 80. Kutakuwa na bao, keram, dhumna, karata, michezo ya sanduku kama Catan, na meza nne za michezo ya hadithi, ile ambayo kila mchezaji hushika mhusika wake, msimulizi akaeleza yanayotokea na dadu ikaamua penye mashaka. Ratiba nimeachiwa mimi, na meza moja ya hadithi ni yangu. Nyumbani hadithi yangu moja huchukua wiki tatu na hakuna anayelalamika. Hapa nina saa nne na watu nisiowajua. Nipange vipi, na niiendesheje meza yangu hata ifike mwisho? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Anzia mwisho, ndugu yangu. Nyumbani hadithi ikikatika, wenzako watarudi Alhamisi. Kwenye tamasha hakuna Alhamisi. Kijana aliyetoka Mtwapa atapanda matatu yake na huenda msikutane tena, na kama hadithi haikuisha, ameondoka na nusu ya kitu. Kwa hiyo kila unachokipanga, tangu saa ya kufungua mlango hadi idadi ya maadui, kiulize swali moja tu: kitanisaidia kumaliza, au kitanila muda?

Ratiba kwanza. Kipindi cha saa nne ni desturi ya matamasha ya ng'ambo na ni urefu mzuri. Makosa ni kuchukua na saa zao pia. Ukipanga saa tatu hadi saa saba, adhana ya adhuhuri itakukuta katikati ya onyesho la mwisho, nusu ya meza itainuka na nusu itabaki inakutazama. Mombasa adhuhuri huingia kati ya saa 6:05 na saa 6:35, kutegemea mwezi. Magharibi haiingii kabla ya saa 12:10. Basi weka kipindi cha kwanza saa 2:30 asubuhi hadi 6:30 mchana, sala na chakula hadi saa 8:00, kisha kipindi cha pili saa 8:00 hadi 12:00 jioni. Alasiri itaangukia ndani ya kipindi cha pili. Usishindane nayo, ifanye ndiyo mapumziko. Saa moja inayobaki kabla ukumbi kufungwa ni ya kuhesabu vifaa na kurudisha meza, na hapo usimkubalie mtu anayeomba "mchezo mmoja mfupi tu". Watu wa Nyali wana foleni ya darajani inawangoja, wa Likoni wana feri.

Jumapili asubuhi wengi watakuwa kanisani. Weka meza mbili za hadithi badala ya nne, na fainali zote zipeleke alasiri. Kama tarehe bado hazijafungwa, epuka mchana wa Ramadhani, na epuka Mei ikiwa paa la ukumbi ni la mabati: mvua ya masika ikishuka, msimulizi wa hadithi hasikiki hata na mtu aliye mbele yake, na hakuna kipaza sauti kinachotibu hilo, kwa sababu meza nne zenye vipaza sauti vinne ni balaa kubwa kuliko mvua.

Sasa viti. Watu 80 hawachezi wote kwa wakati mmoja, lakini panga kana kwamba watacheza. Meza nne za hadithi zenye wachezaji watano na msimulizi mmoja ni watu 24. Meza nne za michezo ya sanduku, watu wanne kila moja, 16. Mabao manne, watu 8. Keram mbili, watu 8. Dhumna tatu na karata tatu, watu wanne kila meza, 24. Jumla 80 kwenye meza 20. Kutakuwa na nafasi za wazi daima, maana kuna anayekula, anayesali na anayetazama bao la mwenzake na kumfundisha bila kuulizwa. Hao watazamaji wahesabie nafasi ya kusimama: acha mita moja na nusu kati ya ukingo wa meza moja na nyingine, na upande wa bao acha mbili.

Mpango wa ukumbi una kanuni moja inayozidi zote, nayo ni kelele. Dhumna isiyogongwa mezani si dhumna, kwa hiyo usijaribu kuwanyamazisha, wapeleke barazani. Karata zifuate huko huko, lakini upande usio na upepo. Meza za hadithi ziwe pembe ya ndani kabisa, mbali na mlango na mbali na chakula, na wasimulizi wakae wameupa ukuta mgongo, ili sauti zao ziende kwa wachezaji wao na si kwa meza ya jirani. Meza mbili za hadithi zikikaribiana sana, wasimulizi huanza kushindana sauti bila kujijua, na kufikia saa tano wote wamekauka koo.

Keram ina shida yake: poda. Ubao unaotelezeshwa vizuri humwaga poda hadi sakafuni, nayo poda na kadi mpya za mchezo wa sanduku havipatani. Keram zitenge, ziwe chini ya taa, maana kivuli cha mkono kikianguka juu ya malkia, kile kipande chekundu, ugomvi huanza. Upepo nao utazame siku moja kabla. Simama ukumbini madirisha yakiwa wazi na feni zikizunguka, weka kadi moja kwenye kila meza, ungoje dakika tano. Meza ambayo kadi yake imehama, hiyo ni ya bao.

Chakula kiuzwe nje, na si kwa ajili ya usafi peke yake. Viazi karai vina mafuta, na hilo kila mtu analiona. Hatari ambayo haionekani ni mabuyu. Mtu hula mabuyu mekundu, hufuta vidole kwenye suruali akidhani vimesafika, kisha hushika kadi. Alama ya pinki kwenye mgongo wa kadi moja inatosha: kuanzia hapo kila mtu mezani anajua ni kadi gani iko mkononi mwa nani, na mchezo huo umekufa hata kama sanduku lake ni jipya. Weka ndoo ya maji, sabuni na taulo mlangoni, na mtu wa kusema "nawa kwanza". Kwenye meza zenyewe ruhusu kitu kilicho na kifuniko tu. Kikombe cha kahawa kibaki kwa muuzaji nje.

Leso, yaani kanga, ni kifaa ambacho matamasha ya ng'ambo hayana. Moja ina upana wa kama mita moja na urefu wa kama mita moja na nusu, ikikunjwa mara moja huwa tandiko la meza nzima. Hunyamazisha dadu, huzuia kete kubingirika, na kadi hunyanyuliwa kwa urahisi kuliko kwenye fomeka tupu. Nunua za rangi tulivu. Leso yenye maua makubwa mekundu na maandishi katikati huficha vipande vidogo, na kila anayeketi huanza kwa kuusoma msemo wa leso na kuujadili, dakika tano zimekwenda.

Bao. Mashindano ya watu 16 kwa mtoano ni michezo 15, raundi nne. Ukiwa na mabao manne, raundi ya kwanza yenye michezo minane itachezwa kwa mafungu mawili, kisha fungu moja kwa kila raundi inayofuata: jumla mafungu matano. Ukilipa kila fungu dakika 40 unatumia dakika 200, na kipindi chako ni 240. Kinachovunja hesabu hii ni fungu moja linaloenda saa nzima. Kusema "muda ukiisha tuhesabu kete" ni suluhisho baya, kwa sababu bao halishindwi kwa wingi wa kete: mtu hushindwa mstari wake wa mbele ukibaki mtupu au akikosa mchezo wa kucheza, na mwenye kete chache anaweza kuwa ndiye anayekaribia kushinda. Tumia saa za sataranji, dakika 20 kwa kila mchezaji, anayemaliza zake amefungwa. Itangaze kabla ya kete ya kwanza kunamuliwa, yaani kuingizwa ubaoni kutoka mkononi. Tangaza pia kama ni bao la Kiswahili au bao la kujifunza, lile jepesi la wanaoanza, kwa maneno hayo hayo, maana wapo watakaokuja wamezoea moja tu. Kwa bao la Kiswahili, mwamuzi ahakikishe kila upande umeanza na kete sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi. Zikitofautiana hata kwa moja, mchezo uanze upya sasa hivi, si baadaye. Komwe kumi za akiba, zile mbegu zinazotumika kama kete, zikae mfukoni mwa mwamuzi.

Michezo ya sanduku nitaipita haraka. Muda ulioandikwa kwenye sanduku ni wa watu wanaoujua mchezo. Kwa wageni ongeza nusu yake, kisha dakika 20 za kufundisha. Angalia idadi ya wachezaji kabla ya kuandikisha: Catan ya kawaida ni ya watu watatu au wanne, na kila tamasha kuna mtu anayeandikisha watano kisha anatafuta kiti cha wa tano wakati wenzake wameshaweka nyumba zao. Kila meza iwe na mtu mmoja aliyeucheza mchezo ule walau mara tatu. Kijitabu cha kanuni si mwalimu.

Jambo moja la adabu. Wapo watakaokuja na familia na hawagusi dadu wala karata kwa sababu za dini. Usianzishe mjadala wa kuwathibitishia kwamba hapa hapana kamari. Waelekeze kwenye bao au keram, na kwenye tangazo andika kila mchezo unatumia nini. Pesa isionekane juu ya meza yoyote, hata ile ya kununulia soda. Mwenye ukumbi akipita na kuona noti ya mia mbili kando ya karata, maelezo yako hayatamfikia.

Sasa meza yako mwenyewe.

Una dakika 240, ila hazipo zote. Kumi zitakwenda kwa kuchelewa. Ishirini kwa kuchagua wahusika na kueleza kanuni. Kumi na tano za mapumziko. Kumi na tano za kufunga na kuachia meza. Zinabaki 180, na hizo ndizo hadithi: mwanzo dakika 20, maonyesho matatu ya dakika 40, mwisho dakika 40. Ukiwa na mawazo ya maonyesho saba, una hadithi mbili. Iandike moja tu, uirudie kwenye kila kipindi chako siku zote mbili. Mchele mmoja mapishi mengi: wachezaji wa Jumapili wataigeuza mpaka utadhani ni nyingine, na wewe utakuwa umeshajua pale ilipokwama Jumamosi.

Tuchukue mfano. Mombasa, 1697. Ngome ya Yesu, iliyo mikononi mwa Wareno, imezingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Haitaanguka hadi Desemba 1698, lakini hilo wachezaji hawalihitaji. Wanachohitaji ni sentensi moja: mna usiku mmoja wa kumtoa tabibu aliye ndani ya ngome, kabla ya maji kupwa. Hapo wana lengo, wana mahali, na wana saa. Maji yanayopwa ndiyo saa yako wewe pia. Kila onyesho likiisha, unasema maji yamefika wapi, na mezani hakuna atakayehisi unawaharakisha.

Mwanzo: mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, kwenye mlango wa bahari, usiku. Onyesho la kwanza: mjini, kumtafuta mvuvi anayejua njia. La pili: kupita kambi ya walinzi. La tatu: njia ya mwambani inayopanda kutoka baharini. Mwisho: tabibu amepatikana, lakini hataki kuwaacha wagonjwa wake, na mtepe hauwezi kuwabeba wote.

Tazama la tatu. Limetengenezwa ili likatike bila damu. Halina habari yoyote ambayo mwisho unaitegemea, na nafasi yake inajazwa na sentensi moja: "Mvuvi amewapandisha mwambani kwa magoti, mmoja wenu kapoteza kiatu, na sasa mlango uko mbele yenu." Kila hadithi ya tamasha iwe na onyesho la namna hii, na uamue mapema ni saa ngapi utalikata. Andika saa za kweli kwenye kadi ngumu uiweke mbele yako, si "dakika ya 90" bali saa ya ukutani, kwa sababu katikati ya fujo hutaweza kutoa na kujumlisha. Kwa kipindi cha asubuhi kadi yako isomeke: 2:40 wahusika, 3:00 mwanzo, 3:20 la kwanza, 4:00 la pili, 4:40 mapumziko, 4:55 la tatu, 5:35 mwisho, 6:15 kufunga. Kisha kwa wino mwekundu: "5:05 bado tuko la pili? Ruka la tatu." Kwa kipindi cha alasiri sogeza mapumziko yaje baada ya onyesho la kwanza, saa 9:30, uyape dakika 25 ili anayetaka sala ya jamaa aiwahi, na dakika kumi zilizozidi zitoe kwenye la tatu.

Wahusika waandike wewe. Kumwachia mgeni atengeneze mhusika ni saa nzima, na watakaotengeneza ni watu wawili wanaozijua kanuni huku watatu wakichezea simu. Kwa meza ya watano andaa sita, ili hata wa mwisho kufika awe na cha kuchagua. Kwa hadithi yetu: nahodha, mpiga kasia, fundi aliyeushona mtepe, mkalimani anayejua Kireno, binti wa tabibu, na mfanyabiashara anayedaiwa. Kila mmoja ukurasa mmoja wa A4, upande mmoja, herufi za ukubwa wa 14. Ukurasa uwe na vitu vitatu anavyovijua kufanya, kimoja anachokitaka, na mstari mmoja kuhusu mhusika mwingine aliye mezani. Hicho anachokitaka ndicho kitakachoupa mwisho uzito: fundi hataki mtepe wake uzame, binti harudi bila baba, mfanyabiashara ameahidiwa malipo kwa kichwa kimoja tu. Siku ikifika hapo, wewe utanyamaza na wao watazungumza.

Namba ziwe chache. Andika kazi nzima, "rusha dadu ya pande 20, ongeza 5, fikisha 12", badala ya kuacha mchezaji atafute kwenye jedwali. Kwa namba hizo mtu hufaulu mara 14 katika 20. Nyumbani ungeona ni rahisi mno, lakini fikiria: ndani ya saa nne kila mchezaji hurusha mara chache tu, na aliyekosa zote anarudi nyumbani akijiona hakuwa na faida. Na kukosa kusizuie njia. Aliyeshindwa kufungua mlango kimya, mlango umefunguka, ila mlinzi kasikia. Habari ambayo lazima waipate isikae nyuma ya dadu kabisa, na iwe na milango mitatu: mvuvi anaweza kuisema, kamba iliyofungwa mwambani inaweza kuionyesha, na mkalimani anaweza kuisikia kwa askari. Wataikosa miwili. Daima hukosa miwili.

Dakika 20 za wahusika na kanuni zitumie hivi. Weka karatasi zote sita katikati ya meza, zimefunuliwa, waache wachague wenyewe wakati wa tano bado anatafuta meza. Kila mtu akunje karatasi tupu mara tatu isimame kama paa, aandike jina la mhusika pande mbili ili hata jirani yake alione. Kanuni zieleze kwa dakika tano, si zaidi, ni zile za kuanzia tu. Nyingine zije zikihitajika. Kisha sema hadithi ina nini: vita, giza, wagonjwa. Kama ina majini, liseme hilo kwenye tangazo lenyewe, kwa sababu mji huu una watu ambao majini kwao si hadithi, na mtu asijikute amekaa mezani saa ya pili akisoma aya kimoyomoyo. Katikati ya meza weka kadi yenye alama ya X. Anayeigusa, kinachosimuliwa kinarukwa, bila kuulizwa kwa nini.

Sentensi zako za kwanza ziandike neno kwa neno, zisizidi sita, na ya mwisho iwe swali kwa mtu mmoja. Hivi: "Usiku. Maji yamejaa. Makasia mmeyafunga nguo yasilie. Juu ya ukuta wa ngome kuna taa moja, na mwenye taa anaigeuza upande wenu. Nahodha, mkono wako uko kwenye usukani. Unafanya nini?" Ukiuliza "mnafanya nini?" kwa wote, watu watano wasiojuana watatazamana. Ukimuuliza mmoja, wa pili atamjibu yule wa kwanza, na mchezo umeshaanza.

Mapigano ndiyo yanayozika hadithi nyingi za tamasha, na ni hesabu tu. Wachezaji sita wakitumia dakika tatu kila mmoja, mzunguko mmoja ni dakika 18. Mizunguko minne ni dakika 72, yaani karibu maonyesho mawili yamekwenda kwa walinzi ambao hakuna atakayewakumbuka majina. Ndiyo maana nasisitiza wachezaji watano. Watano kwa dakika mbili, na wewe mbili, ni 12. Mizunguko mitatu ni 36, inaingia kwenye onyesho. Ili iishe kwa mitatu, yape maadui nusu ya uhai ulioandikwa kitabuni, wawe watatu badala ya sita, na wawe na sababu ya kukimbia: mlinzi aliyeona wenzake wawili wameanguka hafi kishujaa, anakwenda kuita wengine. Mwambie kila mchezaji ni nani anayemfuata, "Mkalimani, kisha fundi, jiandae", ili anayefuata afikiri wakati mwenzake anarusha. Hilo peke yake huokoa muda mwingi. Pambano moja linatosha kwa kipindi, na katika hadithi yetu liko kambini, si mwisho.

Watu wenyewe sasa. Atakuja anayeijua kila kanuni na atakayekusahihisha mbele ya wageni. Usibishane naye. Mpe kazi ya kuandika zamu, na kanuni ikizozaniwa zaidi ya dakika moja, amua, andika alama, mtazame kitabu wakati wa mapumziko. Atakuja anayesema kwa niaba ya wote: mgeukie jirani yake kwa jina la mhusika, "Binti, wewe uko wapi wakati nahodha anasema haya?" Mkimya asilazimishwe kuigiza sauti. "Anamwomba mlinzi awapishe" ni mchezo kamili kama yule anayeigiza mpaka na lafudhi. Anayechelewa mngojee hadi saa 2:40, kisha kiti ni cha wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Hapo usilegeze, hata akiwa ni shemeji yako. Orodha iwe na majina matano na mawili ya akiba, ibandikwe mlangoni pamoja na saa, lugha ya mezani, umri, na kama anayeanza anakaribishwa. Baadhi ya akina dada hupenda kuona kwanza meza ina nani kabla ya kuandika jina, na orodha ya wazi inawarahisishia.

Wakija wawili tu, usiendeshe. Waunganishe na meza nyingine yenye nafasi. Watatu unaweza, kwa kumwondoa adui mmoja. Wakija saba, kataa wawili kwa upole na uwape nafasi za kwanza za kipindi kijacho, kwa maandishi.

Stima ikipotea, na itapotea, taa mbili za kuchaji mezani zinatosha, ila feni zikisimama ukumbi wenye watu 80 saa tisa alasiri huwa tanuri. Tanguliza mapumziko, watoe watu nje, madafu yapite, mrudi. Maji ya wasimulizi yawe tofauti na ya kuuza, lita moja na nusu kwa kila kipindi.

Kabla ya siku yenyewe iendeshe hadithi mara moja, na watu ambao hawajaisikia, na mtu mmoja akiandika saa kila onyesho linapoanza. Sio kwa ajili ya kuona kama ni nzuri. Ni kwa ajili ya ile kadi. Onyesho uliloliwekea 40 likichukua 65, usijiambie siku ya tamasha utaenda mbio. Punguza mtu mmoja wa kuzungumza naye, au mlango mmoja wa kufungua.

Sanduku lako la meza liwe na seti mbili za dadu saba saba, penseli kumi, vifutio viwili, karatasi za wahusika sita pamoja na nakala moja ya ziada kwa kila mmoja, karatasi tupu ishirini, kadi ya X, kadi ya saa, leso, na saa ya mkononi. Simu isitumike kuangalia saa, kwa sababu ukiishika wewe, watano wengine watazishika zao.

Jioni, kabla ya taa kuzimwa, hesabu kwa sauti na mwenye kifaa akiwa hapo: bao kete 64, dhumna vipande 28, keram vipande 19 na straika, karata 52. Kikikosekana kimoja usikimbilie kulaumu watoto. Kunjua leso kwanza, itikise.